Lita Hamsini na Nne

Saa nane kamili mchana ukelele ulitoka ghorofa ya tatu, ukashuka ngazi zote mpaka chini bila kupumzika njiani. Mzee Mita, aliyekuwa kwake ghorofa ya chini akipigana na usingizi wa baada ya chakula, aliruka kutoka kitini, akavaa kiatu mguu huu na ndala mguu ule, akatoka mbio.

Mbio zenyewe zilikuwa za hatua tano. Chini ya ngazi palikuwa na kabati la chuma lenye mita nne za maji, moja kwa kila nyumba ya jengo lile, na mzee huyu hakuwahi kupita mbele ya mita bila kusimama. Alikuwa amesoma mita za mji mzima miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Wastaafu wenzake husoma magazeti. Yeye alisoma mita za jirani zake kila siku, akaandika namba na saa kwenye daftari, na ukimuuliza za nini atakuambia usiingilie mambo ya kitaalamu. Watu walisema siku jengo likiungua, Mzee Mita atabaki ndani ahakikishe zimamoto wametumia lita ngapi.

Akaisoma ya ghorofa ya tatu, akaandika, ndipo akapanda.

Alimkuta msichana wa miaka ishirini na kitu ameketi sakafuni sebuleni, mikono kichwani. Pembeni yake alisimama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Karibu. Mama huyu aliishi ghorofa ya pili na kupangisha hii ya tatu kwa wageni wa siku mbili tatu.

"Bahasha yangu!" msichana alilia. "Bahasha yangu imeibwa!"

"Ya nini, mwanangu?" Mzee Mita aliuliza.

Mama Karibu alijibu kwa niaba yake. Msichana na kaka yake walifika jana jioni. Kesho saa tatu asubuhi alitakiwa kukabidhi vyeti vyake kwa wakala wa kazi za nje, na keshokutwa apande ndege akafanye kazi za nyumbani kwa miaka miwili. Pasi ilikuwa tayari kwa wakala. Vilivyobaki, yaani cheti cha kuzaliwa, cha shule, barua ya polisi, majibu ya daktari na mkataba, vyote vilikuwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya friji.

"Na sasa juu ya friji kuna nini?"

"Kuna juu ya friji," alisema Mama Karibu kwa uchungu. "Na aliyeingia humu leo ni mmoja. Nimeshampigia."

Mmoja huyo aliingia saa nane u nusu, akiwa bado na glavu za mpira mikononi. Jina lake la kazi lilikuwa Mama Shuka, kwa kuwa shuka akizipiga pasi yeye, mgeni huona haya kuzilalia. Alisafisha nyumba nne za aina hii, zote za watu wa kundi moja la simu ambamo wenyeji sitini na wawili walipashana habari: mgeni gani mkorofi, fundi gani mwongo, mfanyakazi gani ana mkono mrefu. Nyuma yake, akihema, aliingia kaka wa msichana kutoka kwa wakala. Alipoambiwa, hakukaa.

"Ni huyu!" alimnyooshea kidole Mama Shuka. "Vyeti vinauzwa, mama. Kuna watu wanavitafuta usiku na mchana. Ana mtoto aliyemaliza shule huyu? Muulize."

"Ninaye," alisema Mama Shuka. "Mwenye vyeti vyake."

"Umeona majibu hayo?"

Mama Karibu alishaiinua simu. "Geuka huku. Nyanyua uso."

"Dada, unanipiga picha ya nini?"

"Unajua ya nini. Wenzangu lazima wajue."

Mama Shuka alianza kuvua glavu. "Dada. Miaka sita nafua shuka zako. Mgeni alisahau pete ya ndoa kwenye sabuni nikakuletea. Mwingine alisahau meno."

"Shetani hatangazi siku ya kuja."

Simu ikalia *kacha*. Picha ilikuwemo. Kilichobaki ni kuandika maneno mawili na kugusa kitufe, na kila mtu pale alijua kwamba aliyewahi kuwekwa kwenye lile kundi hakupata tena hata kibaraza cha kufagia. Hapo ndipo Mzee Mita alipokohoa.

"Mama Karibu, nipe muda kidogo. Maji hayapotei bila kupita kwenye bomba. Nitalipata bomba."

"Wewe na mabomba yako! Haya. Saa kumi na moja. Ikigonga saa kumi na moja sijasikia jina lingine, naituma. Nami nikisema saa kumi na moja, si na dakika moja."

"Saa kumi na moja itanikuta nimemaliza zamani," alisema Mzee Mita, na furaha ilimpanda usoni kama mtu aliyealikwa harusini.

Alianza na Mama Shuka, jikoni.

"Uliingia saa ngapi?"

"Saa nne, wao wakitoka. Nikatoka saa sita na robo. Wewe mwenyewe ulikuwa chini kwenye mita zako, ukanishikia mfuko nikaufunga."

Kweli. Ndani alikuwa ameona taulo nne chafu tu. "Na bahasha?"

"Ilikuwepo. Niliinyanyua nikafuta vumbi, nikairudisha."

"Ufunguo?"

"Nilimpa Dada mlangoni kwake nikishuka. Kisha nikaenda nyumba ya pili. Saa sita u nusu nilikuwa nasugua tayari, mwenye nyumba akinisimamia kama mwalimu wa zamu."

Mama Karibu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikiri kwamba ufunguo ulirudi na ulikuwa umening'inia kwake tangu hapo, naye hakutoka wala hakupanda mpaka ukelele. "Lakini bahasha si ng'ombe, Mzee. Hata kwenye blauzi inaingia."

Funguo nyingine zilikuwa mbili, kila mgeni na wake. Basi akafuata kaka mtu. Huyu Mzee Mita alimpenda kwa nafasi ya mwizi tangu alipomwona. Alikuwa na sauti ya kuamrisha, na Mama Karibu alisema jana baada ya chakula aliwasikia wakigombana, sauti ikipenya dari.

"Mligombania nini?"

"Nilimwambia apange mizigo. Ni kosa hilo?"

"Leo ulikuwa wapi kati ya saa sita na saa nane?"

"Kwa wakala, kwenye foleni. Unanishuku mimi? Nimemlea huyu tangu baba afe! Nimezunguka ofisi saba kumtafutia nafasi hii!" Akatoa mfukoni kikaratasi cha foleni na kukibamiza mezani. Kilikuwa na mihuri miwili: kuingia, saa nne na dakika tisa, kutoka, saa nane kasoro dakika kumi. Mzee Mita alikigeuza huku na huku akitafuta dosari, asiione. Ilimsikitisha kidogo.

Akabaki msichana.

"Wewe, mwanangu, ulitoka kufanya nini?"

"Kununua viatu. Sikuwa na viatu vya kusafiria."

"Ulitoka saa nne, ukarudi?"

"Saa nane. Nilipoingia tu nikaangalia juu ya friji, nikapiga kelele."

"Viatu viko wapi?"

Msichana alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa ndala za bluu. "Sikupata saizi."

"Unavaa namba ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Hata ndala hizo ni zangu," Mama Karibu alidakia. "Za kwenye kabati la waliosahau." Na kwa kuwa hakuna mwenyeji asiyependa kusimulia wageni wake, hasira ilimtoka kwa muda akawasimulia. Yule aliyekuja kwenye baridi hii na kaptula tatu. Yule aliyekuja na viatu viwili vya mguu wa kushoto, akahudhuria harusi hivyohivyo, na kwenye picha anaonekana kama anataka kuondoka. Bwana mmoja aliyefika kamili, mswaki, taulo, pasi ya nguo, kisha akajipiga kwenye paji la uso: alikuwa amemsahau mkewe kituoni. "Lakini kama huyu sijaona. Mswaki, nimempa. Taulo, nimempa. Sabuni, koti, hata kitana! Nikamwambia, mwanangu, wewe umekuja na roho tu."

Mzee Mita aliomba kuuona mfuko wake wa safari, eti kuhakikisha bahasha haikuteleza humo. Kaka mtu aliumwaga juu ya kochi. Zilianguka gauni mbili na chaja ya simu. Mfuko wa kaka mtu uliokuwa pembeni, wa mtu aliyekuja kwa siku tatu, haukuweza kufungika kwa kujaa.

"Uzembe!" kaka mtu alifoka. "Ndicho tulichogombania jana!"

Msichana alianza kukunja zile gauni, taratibu.

Mzee Mita alishuka. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa leo, akasoma mistari miwili aliyoiandika kwa mkono wake:

*Ghorofa ya tatu. Saa 6 na robo: 418,207.*

*Ghorofa ya tatu. Saa 8 na dakika 2: 418,261.*

Alitoa hii kwa hii. Lita hamsini na nne. Zilikuwa zimetumika ndani ya nyumba iliyofungwa, ambayo kila mtu aliapa haikuwa na mtu.

Bomba linavuja? Alichuchumaa mbele ya mita dakika nzima akilikodolea lile gurudumu dogo jekundu. Halikutikisika. Basi hazikudondoka, zilimwagwa. Na matangi ya vyoo vya jengo lile aliyajua, ameshayafungua yote kwa udadisi wake. Kila moja hubeba lita tisa. Tisa mara sita ni hamsini na nne, bila lita ya ziada. Mtu alivuta maji chooni mara sita mfululizo, na hakunawa hata mikono.

Mzee Mita alichukua nondo yake yenye ndoano, akazunguka nyuma ya jengo, akainua mfuniko wa chemba ya maji taka. Harufu ilimsalimia kwa jina. Alipiga magoti, akaingiza nondo, akakwangua mdomo wa bomba pale saruji ilipochongoka. Vilikuja vipande vya karatasi laini, visivyo na faida kwa upelelezi. Kisha kikaja kipande cha kaki. Kisha kingine cheupe, kigumu zaidi, kikubwa kama kucha ya dole gumba, chenye nusu ya muhuri wa zambarau na herufi za chapa: *…a kuzaliwa*.

Saa yake ilionyesha saa kumi na dakika kumi. Alikuwa amejua.

Mwizi wa vyeti havitupi chooni. Anayevitupa ni yule ambaye vyeti vikiendelea kuwepo, yeye atapata taabu. Aliyekuwa na ufunguo na hakuwa na muhuri wa foleni alikuwa mmoja. Naye ndiye aliyezunguka mji saa nne nzima akikosa viatu namba thelathini na nane, namba ambayo ukirusha jiwe dukani linaiangukia. Ndiye aliyekuwa anakwenda ng'ambo miaka miwili na gauni mbili. Hakuwa amesahau kitu. Hakuwa na nia ya kufika.

Kwenye ngazi alimkuta Mama Shuka ameketi, glavu mapajani.

"Mzee, umeona kitu?"

Mzee Mita alitabasamu mpaka magego. "Tulia, binti yangu."

"Umempata?"

"Kila kitu na wakati wake. Saa kumi na moja kasorobo nawakusanya wote sebuleni."

"Niambie tu mimi. Au mwambie Dada. Anaishika ile simu kama mtu anayebana kuku."

"Ukipakua chungu kabla hakijaiva utakula mabichi," alisema Mzee Mita, akaenda zake kuoga.

Alioga. Akavaa koti la kazi lenye vifungo vya shaba alivyovisugua kwa majivu. Alikuwa amesoma mita miaka thelathini na moja na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumkaribisha sebuleni akae, wote wakae, wamsikilize.

Saa kumi na moja kasorobo walikaa. Kaka mtu kwenye kochi, msichana karibu naye, Mama Karibu kwenye kiti cha dirishani na simu mapajani, Mama Shuka amesimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Mzee Mita alisimama katikati ya zulia.

"Mwaka ule wa ukame," alianza, "palikuwa na tajiri mmoja mita yake ilikuwa inarudi nyuma…"

"Mzee," alisema Mama Karibu, "ni nani?"

"Nakuja." Na alikuja, ila kwa njia ya mbali. Alieleza tajiri yule na sumaku yake. Alieleza mwizi wa kwanza anayewezekana, yaani Mama Shuka, na kwa nini macho yote yalimwendea, akizipanga sababu hizo vizuri kuliko mshitaki yeyote, ili baadaye azibomoe. Mama Shuka alizidi kuinamisha kichwa. Akahamia kwa kaka mtu, akaonyesha kile kikaratasi cha foleni, akakisoma mbele na nyuma.

"Si mimi, basi!" kaka mtu alisema.

"Hukuwa wewe. Lakini hebu tujiulize, ingekuwa wewe, ungefanyaje?"

Mama Karibu alitazama saa ya ukutani, akatazama simu yake, kidole kikashuka. Katika mfuko wa aproni ya Mama Shuka kitu kilitoa mlio mdogo. Alitoa simu yake, akaangalia, akairudisha. Hakuna aliyemuuliza. Mzee Mita alikuwa amefika kwenye lita za tangi la choo.

"Mara sita!" alinguruma. "Na hakunawa mikono!" Akachomoa kitambaa mfukoni, akakifunua mezani, na kipande chenye muhuri wa zambarau kikaonekana. "Mwanangu. Hiki ni cheti chako cha kuzaliwa?"

Msichana akasema, "Ndiyo."

"Nani alikichana?"

"Mimi."

Kaka mtu alisimama. "Wewe nini?"

"Nilirudi saa saba. Nikavichana vyote." Hakulia sasa. "Nilikuambia, Kaka. Nilikuambia kuhusu yule rafiki yangu. Aliondoka kwa wakala huyuhuyu. Amerudi mwezi wa pili, hasemi, anakaa anaangalia mlango. Ukaniambia ni woga. Nikakuambia tena, ukasema nimeacha kukuheshimu."

"Nimekulea mimi!"

"Ndiyo maana sikuweza kusema hapana. Ningekuambiaje hapana? Nikaona vikipotea hutanilaumu. Utaulaumu mji."

"Umenimaliza," alisema kaka mtu, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeitarajia. Alianza kuzirudisha nguo mfukoni, zake na za dada yake, bila kutenganisha.

Mama Shuka aliongea kutoka mlangoni. "Hukutaka kwenda. Sawa, ningekuwa mimi nisingekwenda pia. Lakini ulinisikia natajwa. Ulikaa pale chini ukanitazama napigwa picha."

"Nilidhani watasema tu vimepotea."

"Uliniita shangazi jana, Dada aliponituma nikuletee taulo."

Msichana alifunika uso.

Mzee Mita, ambaye bado alikuwa amesimama katikati ya zulia, alipiga makofi mara moja kama mtu anayefunga kikao. "Basi! Mama Karibu, futa ile picha yako. Jina unalo."

Mama Karibu hakumtazama. "Nimeshaituma."

"Umetuma? Lini?"

"Saa kumi na moja. Si nilikuambia? Ulikuwa unaeleza tajiri na sumaku, sijui ndiyo foleni. Nikajua huna kitu. Mtu mwenye kitu husema."

Aliifuta pale pale, akaandika kwamba palikuwa na makosa, mfanyakazi hana hatia, samahani sana wapendwa. Chini ya ujumbe wake mmoja alituma dole gumba. Mwingine aliuliza ni makosa gani, maana yeye picha ameshaisambaza kwenye kundi la mtaa wao. Simu ya Mama Shuka ililia, akapokea, akasema, "Ndiyo, Dada. Nimeelewa, Dada. Ufunguo nitauleta." Ikalia tena, akasema maneno yaleyale. Kila mara aliuliza kama wameyasoma masahihisho, na mara zote mbili walikuwa wameyasoma.

"Wewe njoo kesho kama kawaida," alisema Mama Karibu. "Kwangu kazi yako ipo."

"Asante, Dada," alisema Mama Shuka, na wote walisikia kwamba haji.

Ilibaki nyumba ya nne. Haikuwa imepiga simu. Mzee Mita alishikilia kumsindikiza. Atamweleza mwenyewe, alisema, mita hazidanganyi, ana daftari. Ulikuwa mwendo wa mitaa mitatu. Katikati ya njia Mama Shuka aliuliza, bila kugeuka, "Ile saa kumi na kitu, uliponikuta kwenye ngazi. Ulikuwa unajua?"

Mzee Mita alipekua akilini mwake hadithi moja ya kufaa, yeye aliyekuwa nazo nyingi kuliko nywele. "Nilikuwa najua."

Walifika saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alifungua mlango kadiri mnyororo ulivyoruhusu.

"Nimesoma," alisema kabla hawajasalimu. "Nimesoma kwamba si wewe. Nimefurahi, Mungu ni shahidi. Lakini wageni wangu nao wana simu, na mgeni akiiona ile picha haendi kutafuta masahihisho. Nielewe, dadangu."

"Nimeelewa," alisema Mama Shuka. "Naomba viatu vyangu vya kufanyia kazi. Viko nyuma ya mlango wa bafu."

Mwanamke aliondoka, akarudi, akavipitisha kimoja kimoja kwenye ule mwanya.

Mzee Mita alisogea mbele, akafungua daftari, akasafisha koo. "Mama, hebu nisikilize kidogo. Saa sita na robo leo mchana…"

"Nyamaza, Mzee," alisema Mama Shuka, akaviweka viatu kwapani, akashuka ngazi.